Dar – Iringa – Mbeya kwa basi: kengele ya 80, mizani ya Vigwaza na masaa matatu Kitonga

Nimerudi Dar wiki iliyopita, saivi ndo nimepata muda wa kukaa na notsi za kwenye simu na picha nilizopiga dirishani nizipange. Safari yenyewe ilikuwa ya kumsalimia bibi Mbeya, ila safari hii nilitaka pia niangalie kwa macho yangu hivi vifaa vinavyofuatilia mabasi vinafanyaje kazi, maana barabara hii ya TANZAM nimeipita tangu mtoto na kuna watu wa ukoo wetu iliwachukua. Kwa hiyo niliomba siti ya mbele kabisa, nyuma ya dereva, na nilikuwa nauliza maswali kila nikipata nafasi.

Alhamisi alfajiri, Mbezi

Basi la saa 12 asubuhi, daraja la kati, nauli mpaka Iringa nimelipa 35,000. Bodaboda toka Kimara mpaka stendi 3,000, getini tukakaguliwa, ndani chai na chapati mbili 2,500. Stendi ya Magufuli ilizinduliwa Februari 2021 pamoja na ile Daraja la Kijazi la Ubungo, na kwa kweli ukilinganisha na purukushani ya Ubungo ya zamani kuna nafuu kubwa, ingawa wapiga debe bado wapo na bado watakuvuta begi.

Kwa wanaokuja: tiketi siku hizi ni ya mtandao, hata ukikata dirishani unapewa iliyochapishwa na namba ya gari. Iangalie hiyo namba kabla hujapanda, na ipige picha. Ndo utakayoitumia kwenye apu ya LATRA kuangalia basi lako na mwendo wake, na ndo utakayoitaja ukipiga simu kulalamika. Nauli nayo unaweza kuipima mwenyewe, kikomo kilichotangazwa Desemba 2023 kilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati, piga mara kilomita utaona kama umelanguliwa.

Dereva alipokaa kabla hajawasha alitoa kitufe kidogo cha chuma kilichoning'inia kwenye funguo zake akakigusisha mahali kwenye dashibodi, kikalia mara moja. Nikamuuliza, kaka hiyo ni nini. Akasema hiyo ni kitambulisho chake, kinaitwa aibatani, kila dereva aliyefanya mtihani wa LATRA akafaulu anacho cha kwake, sasa mfumo unajua kwenye hili basi nani yuko kwenye usukani. Zamani gari likikimbia lilijulikana gari tu, wakiulizwa nani alikuwa anaendesha kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole.

Kifaa chenyewe cha VTS, yaani cha kufuatilia basi, kimefichwa, hukioni. Kinavyofanya kazi ni hivi, kinapokea mawimbi ya setelaiti, zikipatikana nne kwenda juu kinajua kiko wapi na kinatembea kwa kasi gani, alafu kina laini ya simu ndani inayotuma hizo taarifa kwenye sava. Ukipita mahali hakuna mtandao kinaandika kwenye kumbukumbu yake, mtandao ukirudi kinatuma vyote. Mabasi mwisho ni kilomita 80 kwa saa, ukivuka kengele inalia mle ndani na kule LATRA inaandikwa.

Kibaha, Vigwaza, Chalinze

Kimara mpaka Kibaha ni kilomita 19 za njia nane, raha tupu. Ila baada ya hapo unarudi kwenye njia moja kwenda moja kurudi, na hapo ndo safari inapoanza kweli, semi (malori ya trela) mbele, semi nyuma, dereva anachungulia akirudi anachungulia akirudi.

Mizani ya Vigwaza tulipita haraka kuliko nilivyozoea. Pale kuna mizani inayopima gari likiwa linatembea, vipimo viko chini ya lami, ukipita taratibu tairi zinakanyaga, kompyuta inahesabu uzito wa kila ekseli (mhimili wa tairi), gari lililo sawa linaambiwa endelea na lenye mashaka linavutwa pembeni kwenye mizani ya kusimama. Mabasi pia yanapimwa, wengi hawajui, hayo mabegi na magunia ya kwenye buti yanahesabika. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 gari zima mwisho tani 56, ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne tani 10. Jirani yangu wa siti, baba mmoja anafanya kazi ya ujenzi wa barabara huko Njombe, ndo alinielewesha kwa nini wanakomaa na ekseli. Alisema lami haiumii sawasawa na uzito, ukizidisha ekseli asilimia 20 tu uharibifu unakuwa kama mara mbili. Nilimwambia baba hii lazima niiandike, akacheka akanimegea mhogo wake wa kukaanga.

Karibu na Chalinze magari ya mbele yakaanza kutuwashia taa. Tochi hiyo. Dereva wetu hakupunguza chochote maana alikuwa 76. Tochi ya trafiki inapiga mwanga unarudi inajua kasi, inapiga na picha, picha inarushwa kwa wenzao wa mbele kwa simu na wewe unasimamishwa kilomita kadhaa baadaye unaonyeshwa, faini 30,000 unalipa kwa kontroo namba. Tatizo la tochi ni kwamba inaona pale ilipo tu. Madereva wanaonyana kwa taa, wanashuka mpaka 50, wakipita wanafidia. VTS haina pale ilipo, iko na wewe toka Mbezi mpaka unaposhuka, na hiyo ndo tofauti niliyoiona kwenye mguu wa huyu dereva, hakuwa na mapigo ya kukimbia na kufunga breki, alikuwa yuko palepale tu.

Msamvu Morogoro tulisimama muda wa kununua maji. Abiria wa Moro wenyewe walikuwa wachache, tangu treni ya umeme ianze Juni 2024 watu wengi wa Dar – Moro wamehamia huko. Malori hayajahama.

Alhamisi mchana, Mikumi mpaka bondeni

Barabara inakata Hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50. Tuliona twiga, swala wengi, tembo watatu mbali kidogo, nyani kando ya lami wakisubiri watu wajinga warushe maganda. Tafadhali msirushe, wanazoea barabara na wanagongwa. Vibao vya kasi viko wazi, na kuna bango la faini kwa dola kwa kila mnyama utakayemgonga.

Hapa niliona kitu. Hifadhini mwendo unatakiwa ushuke, lakini kengele ya basi letu ilikuwa kimya hata tulipofika 65, sababu imewekwa ilie kwenye 80. Kwa hiyo pale twiga analindwa na kibao, matuta na roho ya dereva. Na kiteknolojia sio kitu kigumu, kifaa kinachojua kiko wapi kinaweza kuchorewa mipaka kwenye ramani, ukiingia Mikumi kengele ishuke ilie kwenye mwendo wa kibao, ukitoka irudi 80. Na kwenye vijiji hivyohivyo, maana Doma, Mikumi mjini, Ruaha Mbuyuni kote kuna watoto wanavuka.

Baada ya Mikumi mjini ni kona, alafu bonde la mibuyu, joto linapanda mpaka kioo kinachoma mkono. Ruaha Mbuyuni vitunguu vinauzwa madirishani, kifuko 5,000, kata bei. Chakula tulisimama dakika 20: wali kuku 8,000, choo 300. Kama una mtoto au mzee mnunulie chakula Msamvu, hapa foleni ndefu na konda akipiga honi anamaanisha.

Kitonga

Saa 8 mchana tukafika chini ya mlima na foleni ilikuwa imeshashuka mpaka bondeni. Semi mbili zimekufa kwenye kona, moja inapanda moja inashuka, katikati kumebaki upenyo wa gari dogo. Tulikaa masaa matatu.

Watu walishuka. Jua kali, mimi nilitembea kidogo nikakaa kwenye mawe, mama mmoja anayeuza ndizi na karanga akaniambia mwanangu njoo huku kivulini hapo utaungua, akanipa kindoo nikalie, akanipa na ndizi akagoma hela. Nilikuja kumwachia 2,000 kwa kusingizia nanunua karanga. Shikamoo mama popote ulipo.

Pale kivulini ndo nikakutana na dereva wa semi anayekwenda Tunduma, ana mzigo wa Kongo, na utingo wake kijana mdogo mpole sana. Nikamuuliza na nyie mna VTS? Akasema sisi tunafuatiliwa kuliko nyie dada. Mzigo una sili ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato, ukifunguliwa njiani au ukiacha njia wanajua, sababu ni mzigo wa transiti haujalipiwa ushuru wa hapa. Na gari lina traki ya tajiri, mwenye gari, tajiri yuko Dar anaona nimesimama wapi, nimetumia mafuta lita ngapi, nimezima injini saa ngapi, nikisimama dakika kumi ananipigia. Nikamuuliza ukizidisha mwendo je, inalia? Akasema hiyo ya kulia sina. Nikamuuliza masaa uliyoendesha bila kulala, kuna anayehesabu? Akanyamaza kidogo akasema, dada, hapo tajiri anapiga simu kuuliza kwa nini nimelala.

Hii ilinikaa kichwani safari nzima. Kwenye gari moja kuna vifaa viwili vinavyosikiliza setelaiti, kimoja kinalinda ushuru, kingine kinalinda dizeli, na hakuna hata kimoja kinachomlinda yeye na utingo wake wala sisi tunaopishana nao kwenye kona. Teknolojia ipo, imeshalipiwa, imeshafungwa, ila imeulizwa maswali ya mali tu.

Na Kitonga yenyewe kengele ya 80 haina kazi. Hakuna anayefika 80 pale. Watu wanakufa pale kwa mwendo wa 30, kwa ku-ovateki kwenye kona na kwa semi inayoshuka na breki zilizochemka mpaka hazishiki. Wakati tunasubiri niliona noah mbili na basi moja dogo zikichomoka kwenye foleni zikapanda upande wa pili, zikakutana na wanaoshuka, na hapo ndo foleni ikafungwa mazima mpaka trafiki walipokuja na pikipiki kuwarudisha nyuma mmojammoja. Kamera mbili tatu pale kwenye kona na bodi ya maandishi ya taa kule Ruaha Mbuyuni inayosema MLIMA UMEFUNGWA SUBIRI HAPA, tungekaa bondeni kwenye maji na choo, trafiki wangekuwa wameshapanda, na mlima ungebaki na nafasi ya gari la brekidauni kupita. Nimeandika haya kwa uchungu sababu masaa yale kulikuwa na mama mjamzito kwenye basi la nyuma yetu, aliishia kupandishwa kwenye pikipiki.

Kwa wanaokuja: panga Kitonga iwe asubuhi kama unaweza, beba maji lita moja na nusu kwa mtu na chaji simu ukiwa Msamvu. Mtandao mlimani unakatika.

Iringa tukaingia saa 2 usiku, baridi. Stendi mpya iko nje ya mji, bajaji mpaka katikati 4,000. Gesti safi yenye maji moto 25,000 na chai asubuhi.

Ijumaa, Iringa

Nililala mpaka saa 4, nikala makande sokoni 2,000, nikakata tiketi ya kesho. Basi.

Jumamosi, Iringa – Mbeya

Nauli 25,000. Mafinga malori ya mbao na nguzo, Makambako upepo unataka kukuvua kofia. Hii njia imenyooka na ndo inashawishi.

Kati ya Makambako na Igawa abiria wakaanza, dereva ongeza moto bwana, tunaenda kama msiba. Mama mmoja alikuwa anawahi mazishi Kyela na kweli alikuwa na haki ya kuwa na haraka. Dereva, mtu mzima wa miaka kama 50, akaongeza, kengele ikalia, ile sauti kali ya kukera, akarudi. Wakapiga kelele tena. Akasema kwa utulivu, mama pole sana na msiba, lakini hii ikilia mara nyingi nitaitwa mimi na gari litasimamishwa, wewe utakuwa umeshafika. Basi zima likatulia, wengine wakaanza kumtetea.

Mimi nilipiga hesabu pale pale: kilomita 100 kwa mwendo wa 80 ni dakika 75, kwa mwendo wa 100 ni dakika 60. Umeokoa robo saa. Lakini ile nguvu ambayo breki inatakiwa izimeze ukitoka 80 kwenda 100 inaongezeka zaidi ya nusu, na kila sekunde unayochelewa kukanyaga unasogea mita 28 badala ya 22. Kitonga juzi ilitula masaa matatu na hakuna mguu wa dereva ungeyarudisha.

Baadaye kwenye kituo cha chakula Chimala (wali wa Usangu na samaki, 7,000, mzuri sana) nilimuuliza kama kengele inamkera. Akasema mwanzoni walikuwa wanaichukia wote, wengine walikuwa wanakata waya, kuna mabasi yalifungiwa kwa hilo. Saivi yeye anaiona kama shahidi wake. Zamani tajiri alikuwa anampa saa ya kufika, ukichelewa gari anapewa mwingine, na ajali ikitokea unaenda jela peke yako. Sasa tajiri akimwambia wahi anamjibu nenda kaongee na LATRA. Hili sikulitegemea kabisa, kwamba kifaa kilichowekwa kumbana dereva kimempa na yeye mdomo.

Mteremko wa Inyala, ule wa ajali, dereva alishuka na gia ndogo, taratibu, basi zima kimya. Uyole ujenzi, ile njia nne ya Nsalaga – Ifisi kilomita 29, vumbi na kupishana kwa zamu. Stendi ya Nanenane tukafika saa 9 alasiri.

Mbeya

Bibi mzima, anaona vizuri kuliko mimi. Siku zilipita kwa viazi, maparachichi na kuitwa kula nyumba kwa nyumba.

Jumanne usiku, Mbeya – Dar

Nilichagua basi la jioni makusudi, saa 11, nauli 58,000. Zaidi ya miaka 20 mabasi yalikatazwa kutembea usiku kwa sababu ya ajali na ujambazi, ruhusa ikarudi Oktoba 1, 2023, na mojawapo ya sababu ni kwamba sasa kuna mfumo unaoona basi likiwa gizani. Madereva walikuwa wawili, kama inavyotakiwa safari ikizidi masaa nane. Iringa wakabadilishana, yule wa kwanza akatoka, wa pili akakaa na kugusisha kitufe chake, kikalia, yule wa kwanza akaenda kulala siti ya nyuma. Niliangalia kwenye apu, basi letu lilikuwa pale, linasogea, 74.

Usiku kinachotisha ni semi iliyokufa barabarani bila taa. Tulikutana na moja baada ya Ilula, onyo lake ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami, dereva akayaona akapunguza mapema. Nyingine karibu na Doma haikuwa na tawi wala rifleta, tukapishana nayo padogo sana, watu wote waliamka. Kengele haikulia, tulikuwa 70 halali kabisa. Sasa fikiria lile lori nalo lingekuwa kwenye mfumo mmoja na sisi, linaonekana limesimama katikati ya njia kwa nusu saa, si basi zote zinazokuja zingeambiwa? Traki ya tajiri wake bila shaka ilikuwa inajua limesimama. Taarifa ilikuwepo, iko kwenye simu ya mtu mmoja Dar.

Kitonga usiku tulishuka bila foleni, kwa gia, mpaka chini. Mikumi dereva alishuka mpaka 50 mwenyewe bila kengele yoyote na tuliona nyati kando.

Mbezi saa 12 na robo asubuhi. Nilipiga namba ya bure ya LATRA iliyobandikwa ndani ya basi kutoa taarifa ya lile lori na pia kuwasifia wale madereva wawili, dada aliyepokea aliniuliza namba ya gari, mahali na saa, akaandika vyote. Sifa pia zinapokelewa, pigeni.

Kwa anayetaka kwenda usiku: uliza kabla hujalipa kama madereva ni wawili na uwaone kwa macho stendi, kaa upande wa kushoto, funga mkanda hata kama jirani anakushangaa, na chukua koti, Makambako usiku ile baridi inaingia mpaka ndani ya basi.